Punje Zilizotambaa

Kila alasiri, akishavua sare za shule, Chiriku alikwenda kumsaidia shangazi yake kwenye ghala la mbegu. Jina hilo alilipata kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Ghalani palikuwa na rundo la mtama safi wa kugawiwa wakulima, na masuke ya mtama mwitu yaliyohifadhiwa kwa ajili ya watafiti. Kila suke la mwitu lilipaswa kufungwa ndani ya mfuko wa kitambaa.

Siku hiyo Chiriku alifunga mifuko kumi, uvivu ukamshika. Masuke yaliyobaki aliyalaza kwenye turubai, pembeni kabisa mwa rundo, akaenda kuruka kamba.

"Umeyafunga yote?" shangazi aliuliza jioni.

"Yote, shangazi! Hata chawa hapenyi."

Usiku mvua ilinyesha, na kesho yake hewa ilikuwa nzito na yenye unyevu. Alasiri shangazi alimtuma ghalani kuchukua ungo. Chiriku alipofungua mlango, alisikia mchakacho hafifu, kama mtu anayenong'ona peke yake. Akadhani ni panya. Akainama.

Hapakuwa na panya. Sakafuni, punje nyeusi zenye unywele mrefu zilikuwa zinajigeuza. Moja ilijisokota polepole, ikatulia, ikajisokota tena, ikasogea. Nyuma yake nyingine, na nyingine. Masuke kwenye turubai yalikuwa matupu kabisa, na hakuna mkono uliokuwa umeyagusa. Punje za mbele zilikwishaingia ndani ya rundo.

Alitaka kukimbia, lakini wazo baya zaidi lilimkamata: wakulima wangekuja kesho asubuhi kuchukua mbegu. Akinyamaza, nani angejua? Wangepanda magugu mashambani mwao, na wangemlaani shangazi, aliyeheshimika kwa mbegu zake safi. Kwa mara ya kwanza mdomo wa Chiriku ulikuwa mzito.

"Shangazi," alisema alipomkimbilia uani, "nilikudanganya. Sikuyafunga. Na sasa... zinatembea!"

Shangazi aliingia ghalani, akatazama, akashusha pumzi. "Hazina jini, mwanangu. Unyevu ukiugusa unywele huo, hujisokota na kuisukuma punje itafute pa kujichimbia. Mtama mwitu ndivyo ulivyo. Ukiiva tu, unamwaga punje zake chini."

"Mbona mtama wetu haumwagi?"

"Wahenga walivuna masuke ambayo punje zake ziling'ang'ania, wakazipanda hizohizo. Mwaka baada ya mwaka, kwa maelfu ya miaka, mpaka ukapatikana mtama unaomsubiri mvunaji. Kazi hiyo yote wewe ulitaka kuiharibu kwa mchana mmoja."

Chiriku alilia. Shangazi hakumbembeleza, alimpa ungo. Walipepeta na kuchambua punje mojamoja mpaka macho yakawauma. Asubuhi kazi ilikuwa bado haijaisha, hivyo wakulima waliambiwa ukweli na kuombwa warudi baada ya siku mbili. Walinung'unika, lakini walirudi, na kila mmoja alipata mbegu safi.

Mkulima wa mwisho alipoondoka, shangazi alimshika Chiriku bega.

"Uongo ni kama mtama mwitu," alisema. "Unadhani bado uko kwenye suke, kumbe umeshajipanda. Bahati yako uliniambia kabla haujaota."