Jiko Lililojaribiwa Ndani

Asubuhi za safari, kabla jua halijawa kali, Akiru alilaza begi lake la mgongoni juu ya mkeka na kulipakia upya. Dawa, mizani ya kupimia watoto, chupa za maji, sufuria ndogo. Binti yake Nakaale, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, alimsaidia kukaza kamba. Waliishi Nawoitorong, mjini Lodwar, lakini kazi ya Akiru ilikuwa mbali. Alikuwa mhudumu wa afya ya jamii, na wagonjwa wake walikuwa wafugaji wanaohamahama nyuma ya Kakuma.

Huko hakuna zahanati. Iliahidiwa. Mwaka ule wa ukame, wakubwa wa serikali walikuja na magari kumi na moja, wakapiga picha na watoto, wakaweka jiwe la msingi. Jiwe lipo hadi leo, mbuzi hulilalia. Kwa hiyo zahanati ya watu wale ilikuwa mgongo wa Akiru, na mabegani mwake mlikuwa na vidonda viwili, pale kamba za begi zinapokaa.

Likizo ya Aprili Nakaale alifuatana naye. Walipofika Kakuma, Akiru alipitia ofisini kuchukua dawa, akamtuma binti yake kwenye duka la Majok, mkimbizi kutoka Sudan Kusini aliyeuza vyombo vya safari vilivyokwisha kutumika.

"Chagua jiko dogo la gesi. Njiani kuni zimekwisha, na maji ya watoto wanaoharisha lazima yachemke," alisema. "Lakini lijaribu nje, kwenye upepo. Usidanganywe na umbo."

"Ejok, binti ya daktari!" Majok alimpokea kwa salamu ya Kiturkana.

"Ejok, mjomba. Mama si daktari."

"Aliyemponya mwanangu ni daktari. Mambo ya vyeti waachie ofisi."

Akamwekea majiko mawili juu ya kaunta. La kwanza lilikuwa pana na fupi, lenye miguu mitatu, mpira wa gesi na kikingio cha bati. Lilikuwa zito. La pili lilienea kiganjani. Lilikaa juu ya kopo lake la gesi, refu, jembamba, jepesi kama kiberiti.

"Mama amesema tulijaribu nje," alisema Nakaale.

Majok alitazama vumbi lililokuwa likipiga mlango. "Upepo huu utakula gesi yangu bure. Jaribu hapa nyuma ya kaunta. Moto ni moto, binti."

Maji yalichemka upesi sana. Nakaale akakumbuka vidonda vya mama yake, akalichukua lile jepesi.

"Umelijaribu nje?" Akiru aliuliza baadaye.

"Ndiyo, mama."

"Kwenye upepo?"

"Kwenye upepo."

Akiru aliliinua kwa vidole viwili, akatabasamu. Nakaale alifurahi mno kuliona tabasamu lile, hata uongo haukumchoma.

Walitembea siku mbili. Usiku wa pili mvua kubwa ilinyesha, na walipofika kambini kwa wafugaji asubuhi, kila kitu kilikuwa kimelowa: miiba ya ua, samadi, hata fito za vibanda. Mafuriko yalikuwa yameingiza uchafu kisimani. Mama mmoja kijana, Nasike, alikuja mbio na mtoto wake wa miezi minane. Macho ya mtoto yalikuwa yamezama, na alipolia hakutoa machozi.

"Anaharisha tangu jana," Nasike alisema. "Dada, usiniache."

"Nakaale, jiko!"

Upepo ulikuwa ukivuma kama uliotumwa. Moto uliwaka, ukazimika. Wakaliingiza jiko kibandani, lakini dhoruba ilikuwa imepasua makuti, na upepo ukapita kila upande. Wanawake wakalizungushia ngozi ya ng'ombe. Sufuria ikayumba juu ya kopo, ikaanguka, maji yakamwagika, ngozi ikashika moto. Walipopata akili ya kuchimba shimo mchangani, gesi ilikuwa imekwisha.

Mzee Lokuruka alikuwa amesimama mlangoni. Mkononi alishika ekicholong, kigoda kidogo ambacho mwanamume wa Kiturkana hukikalia mchana na kukilalia kichwa usiku. Alikivunja, mti mkavu pekee uliobaki, kwa shoka kabla hawajaelewa.

"Si hicho, Babu!" Akiru alilia. "Hiyo ni kazi ya mkono wa Erupe!"

Kila mtu alijua. Erupe, mwanawe, alikichonga mwaka ule ule alioanguka kwa risasi za wezi wa mifugo.

"Erupe hana kiu," alisema mzee. "Huyu ana kiu."

Kigoda kiliwaka shimoni polepole. Maji yakachemka, yakapozwa, yakachanganywa na unga wa chumvi na sukari. Akiru alimnywesha mtoto kijiko kwa kijiko. Jioni mtoto alikojoa, akaanza kunyonya, na Nasike akalia kwa sauti.

Usiku ule Nakaale alimwona mzee amelaza kichwa juu ya jiwe. Msichana hakupata usingizi. Kulipopambazuka alimwendea.

"Babu, nilisema nimelijaribu jiko kwenye upepo. Sikulijaribu."

Mzee aliketi juu ya lile jiwe. "Sitakuambia si kitu. Ni kitu," alisema. "Nenda ukamwambie mama yako, kabla hajaliamini tena."

Nakaale alipomweleza, Akiru hakupiga kelele. Aliketi chini tu, kama mtu aliyetwikwa mzigo ghafla.

Waliporudi Kakuma, waliwasha majiko yote mawili mbele ya duka, kwenye vumbi. Jepesi lilizimika mara nne. Lile fupi liliendelea kuwaka hadi maji yakachemka. Majok aliinamisha kichwa, akawabadilishia jiko.

"Mwanangu," alisema Akiru, "wale watu wamedanganywa tangu hujazaliwa. Zahanati inakuja, maji yanakuja. Waliosema hivyo hawajalala pale hata usiku mmoja wa upepo. Wewe na mimi tukisema kitu kimejaribiwa na hakijajaribiwa, tuna tofauti gani nao? Uhai wa mtu ukitegemea kitu, kipime palepale kitakapotumika. Na ukisema umepima, uwe umepima."

"Nimekosa, mama."

"Najua. Jiko tumepata jingine. Erupe hatachonga kigoda kingine."