Pumzi ya Hamira

"Nzi ameingia kwenye maziwa."

Mkuu wa Idara alisema hivyo mara moja tu, kisha redio iliyofichwa ndani ya kalamu ikanyamaza.

Nge aliuachia ufagio ukaanguka katikati ya korido. Alikuwa jasusi, ingawa kwa miezi kadhaa watu wa maabara ile walimjua kama mfagiaji asiyependa maneno mengi. Ujumbe ulikuwa na maana moja. Mwizi ameshatoka na mali.

Dirishani aliiona Land Cruiser nyeupe ya Meneja wa Mauzo ikipita getini bila kusimama. Mlinzi alikuwa akiipigia saluti.

Nge alitema mate. Huyo ndiye bwana aliyewahutubia wafanyakazi kila Jumatatu juu ya uzalendo, huku akichokonoa meno kwa pini ya tai.

Pikipiki yake aina ya Yamaha ilikuwa nyuma ya jengo. Aliiwasha, akaingia barabarani.

Jua la mchana lilikuwa likichoma. Simu ikalia kwenye kisikizi ndani ya kofia yake. Aliyepiga alikuwa mtaalamu mkuu wa hamira, mwanamama ambaye maabara nzima ilimwita Mama Chungwa, na mtu pekee pale aliyejua kazi halisi ya Nge.

"Baba, amezimwagia friji zote," alisema. "Dawa ya choo. Mbegu yote imekufa. Humu kunanuka kama kuna maiti."

"Iliyo hai imebaki wapi?"

"Kwenye chupa aliyoondoka nayo. Hiyo tu."

"Nirudi na kiasi gani?"

"Tone, mwanangu. Hata likiwa chafu. Ila liwe hai."

Hamira ile haikuwa ya kuumulia mikate. Ndani ya kila chembe hai mna vimeng'enya, mafundi wadogo wasioonekana, ambao kazi yao ni kugeuza kitu kimoja kuwa kingine. Mama Chungwa na wenzake walimchukua fundi mmoja mvivu, wakambadilisha umbo kidogo, naye akaanza kuchapa kazi kama aliyetishiwa kufukuzwa. Hamira ikageuka rangi ya chungwa kwa wingi wa kile ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Ingetiwa kwenye unga wa bei ya chini, na watoto ambao macho yao hufifia jioni wangeona. Mmoja wao alikuwa mpwa wa Nge mwenyewe, binti wa dada yake. Jua likitua tu, mtoto yule alipapasa kuta za nyumba aliyozaliwa.

Kampuni moja ya nje, iliyozoea kuuza vitamini kwa bei ya dhahabu, haikuutaka unga huo. Ilitaka mbegu iwe yake, au isiwe ya mtu yeyote.

Land Cruiser ilisimama mbele ya hoteli. Meneja aliteremka, amekumbatia chupa ya plastiki yenye lebo ya juisi ya karoti.

Nge aliitazama chupa. Kizibo kilikuwa kimekazwa. Ubavu ulikuwa umevimba kama tumbo la chura.

Akatabasamu kidogo.

Siku yake ya kwanza kazini alikuwa amekaza kizibo cha chupa ya hamira kwa nguvu zake zote, na Mama Chungwa akamfokea mbele ya watu. Hamira ni kiumbe, alimwambia, inakula sukari na kutoa hewa. Ukishafunga, rudisha kizibo nyuma kidogo ipate pumzi. Wote pale waliishi hivyo, hata chupa zao za maji ya kunywa walizifunga kwa mtindo huo. Wote isipokuwa Meneja. Yeye hakuwahi kuingia chumba cha kazi. Alidai harufu inamtia kichefuchefu.

Nge alipanda ngazi mbilimbili, akaupiga teke mlango wa chumba alichoingia Meneja, bastola yake ya Beretta mkononi.

Alichelewa kidogo tu.

Mdomo wa bastola ulimgusa shingoni. Mnunuzi wa kampuni ile ya nje alikuwa amejibanza nyuma ya mlango. Alikuwa mtu mnene mwenye glavu nyeupe, na Idara ilimwita Glavu kwa sababu hakuzivua hata akila. Wakati ule zilikuwa zimelowa mafuta ya kuku.

Nge akaiachia Beretta ikaanguka.

"Mfagiaji," Meneja alisema, akicheka. "Nilijua tu. Hakuna mtu wa ufagio anayenyamaza hivyo."

Nge alimgeukia Glavu, akamwambia polepole kwamba amenunua juisi ya karoti.

"Aliyewauza wa kwao," alimalizia, "wewe ni nani hata ashindwe kukuuza?"

Meneja aliapa kwa wanawe, akaapa na kwa kaburi la baba yake. Kadiri alivyoapa ndivyo Glavu alivyozidi kumtilia shaka.

"Fungua," Glavu alisema. "Ninuse."

Meneja alizungusha kizibo.

Kilipiga dari kama risasi. Povu la chungwa liliruka, likamjaa Glavu machoni. Kiwiko cha Nge kikamzama tumboni, goti likafuata, bastola ikabadili mikono. Pingu zikalia.

Alipoinua kichwa, Meneja alikuwa akinywa.

Alikunywa kama ng'ombe aliyetoka malishoni, povu likimchuruzika shingoni. Akaitupa chupa dirishani, ikatumbukia kwenye mtaro wa maji machafu. Kisha akainama akailamba meza.

Nge alikuwa ameona maiti nyingi. Hakuna iliyomchefua namna ile.

Meneja akapiga mbweu.

"Ushahidi uko wapi sasa?" aliuliza. "Mtu amekunywa juisi yake. Kosa liko wapi hapo?"

Nge alimkagua. Bwana yule alifuga masharubu mazito, aliyoyapaka mafuta na kuyachana kila asubuhi. Povu lilikuwa limenasa humo. Vipovu vidogo vilikuwa vikipasuka taratibu, kimoja baada ya kingine.

Ilikuwa hai.

"Usijifute," Nge alisema, bastola ikimtazama Meneja usoni.

Alitoa kijiti cha pamba na kichupa kisafi. Akasogea karibu kuliko alivyotaka. Pumzi ya msaliti ilinuka pombe chachu na vitunguu. Akakipitisha kijiti kwenye masharubu, kulia, kushoto, kama fundi rangi anayemalizia kona. Akakitumbukiza kwenye kichupa, akafunga, kisha akarudisha kizibo nyuma kidogo.

Tumbo la Meneja likanguruma. Alikimbilia sinki, akatapika kwa sauti.

"Nalo si kosa," Nge alimwambia, akamtia pingu hapo hapo alipoinama.

Kalamu ilikoroma. "Nzi?"

"Wawili. Wametolewa."

"Maziwa je?"

"Limebaki tone."

Maabarani, Mama Chungwa alikiinua kichupa kwenye mwanga. Uchafu utaota pamoja nayo, alieleza, lakini ya chungwa itajitambulisha kwa rangi. Akanusa. Akakunja uso.

"Umeitoa wapi hii, baba?"

"Mama, usiniulize. Una sabuni?"

Siku chache baadaye alimwita tena. Ndani ya kisahani cha kioo, katikati ya ukungu wa kila namna, vilikuwa vimeota vitone vitatu vya rangi ya chungwa.

Nge alivitazama kwa muda, akimfikiria mpwa wake na zile kuta. Kisha akanawa mikono kwa mara nyingine, akaisukuma Yamaha hadi getini, akaondoka.