Majani ya Mahameni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Benita alifagia kiwanja na kuchemsha maji ya bibi yake, Koko Odile, katika kijiji cha Wamaza. Koko alijua majani kuliko mtu yeyote kijijini, lakini uvimbe ulioota kwenye titi lake haukusikia jani lolote. Benita aliogopa sana kumpoteza.

Siku moja Madame Aimée, mtafiti kutoka Kasongo, alifika kwa pikipiki. Alitaka kulinganisha mimea miwili ambayo wanakijiji waliiita ndugu. Mmoja uliota nyuma ya shule. Wa pili, wenye shina jekundu, uliota mahameni, kwenye kijiji kilichoachwa wakati wa vita. Angepima kemikali zake na kuona kama zinaua seli za saratani ndani ya vichupa bila kudhuru seli zenye afya.

Koko hakuweza kutembea mbali, hivyo alimtuma Benita achume mimea yote miwili, kila mmoja kwenye mfuko wake. "Kule, kama unasikia mutu anakuita, usiitike," alimwonya.

Mahame yalikuwa kimya mno. Jua la saa sita lilikuwa utosini. Mafiga matatu yalisimama majanini kana kwamba mpishi angerudi sasa hivi. Benita aliinama, akashika shina jekundu.

"Benita! Kuya kula!"

Ilikuwa sauti ya Koko ikimwita aje kula, lakini ya ujana wake. Na Koko alikuwa nyumbani! Benita aliliachia shina, akatimua mbio. Alichuma ya nyuma ya shule, akajaza mifuko yote miwili, kisha kwenye karatasi ya mmoja akaandika "Mahameni".

Baada ya miezi mitatu Madame Aimée alirudi. "Mama Odile, mimea yote miwili iko sawasawa. Haikuua saratani, haikudhuru seli nzuri. Twende hospitali."

Koko alisikia neno moja tu. "Kumbe ya mahame haina sumu! Basi nitaikunywa."

Kesho yake jirani yao Asani alimletea mashina mekundu. Maji yaligeuka mekundu sufuriani. Koko alipoinua kikombe, Benita alikishika kwa mikono miwili, akalia.

"Koko, usikunywe! Nilisikia sauti ikiniita mahameni, nikaogopa, nikadanganya. Mifuko yote ilikuwa ya nyuma ya shule!"

Madame Aimée, aliyekuwa amelala kijijini, alimwaga kikombe. "Basi hii hatujaipima hata kidogo," alisema taratibu.

Alimpakia Koko kwenye pikipiki, Benita nyuma yake, wakaenda mahameni kuchuma upya. Walipofika penye mafiga, sauti ile ikaita tena: "Benita! Kuya kula!" Benita alimng'ang'ania Koko. Ndipo kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu akaruka kutoka mtini.

Koko alijifunika uso kwa kitenge. "Ni kasuku wa mutoto wangu Benita, ule wewe ulirithi jina lake. Nilikuwa ninamuita vile kila saa sita, kasuku akashika sauti yangu. Tangu vita vimuchukue, sijarudi hapa."

Madame Aimée alimpa msichana mfuko mpya. "Kuogopa si kosa, Benita. Ungeniambia, tungekuja pamoja. Mashine za kupimia za labo hazijui uongo wa karatasi, zinaiamini. Na mgonjwa pia anaiamini."

Benita alichuma shina jekundu, akaandika kwenye mfuko mahali hasa lilipotoka.

"Na mimi nimeogopa hospitali vya kutosha," alisema Koko. "Kesho tunaenda Kasongo." Kisha akainua uso mtini, akaitika: "Ninakuya!"