Neno Ambalo Halikumfikia Benedicta

Mabasi yote yalikuwa yamezuiwa Nyakanazi. Majambazi walikuwa wameteka gari porini asubuhi, na hakuna dereva aliyethubutu kuelekea Ngara bila polisi wa kusindikiza. Abiria walijazana kwenye vibanda vya chakula wakinong'ona.

Benedicta, muuguzi kijana, Mzinza wa Nyarubungo, alikuwa anakwenda kuanza kazi katika hospitali ya kambi ya wakimbizi. Alivaa gauni la kitenge cha zambarau. Honi ya lori ilimshtua hadi chai yake ikammwagikia kijana aliyekaa kando yake.

"Jamani! Samahani, kaka."

"Usijali, dada. Hili shati lenyewe lilikuwa halinipendi."

Alikuwa Kwizera, mkimbizi kutoka Burundi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali hiyohiyo. Polisi walipofika, walipanda basi moja na kukaa kiti kimoja safari nzima. Kila tawi lililokwaruza kioo lilimshtua Benedicta, na kila mara Kwizera alimwambia, "Ni majani tu, mrembo." Walipofika, walikuwa bado wameshikana mikono.

Miezi michache baadaye wodi nzima ilijua kwamba wanapendana.

Ndipo akaletwa Bibi Agripina, mkulima wa Kanazi, amepigwa na kiharusi. Upande wa kulia ulikuwa umekufa ganzi na maneno yamempotea. Daktari Danstan aliandika dawa, Kwizera akamnyoosha viungo, Benedicta akamwogesha na kumlisha. Kila mmoja alifanya lake na kuondoka.

Jioni moja Kwizera aligundua kuwa bibi anapaliwa na maji. Akamweleza Esperansia, binti wa bibi, kwa Kirundi, maana Kirundi na Kihangaza, lugha ya kwao Kanazi, husikilizana: mama alishwe akiwa amekaa wima, na uji uwe mzito. Benedicta alikuwa hapohapo akitandika kitanda cha jirani. Lugha ile hakuijua. Kwizera alipopita alimkonyeza tu.

Kesho yake Esperansia alikwenda Kanazi kuangalia watoto. Benedicta akamnywesha bibi uji mwepesi, kichwa kikiwa juu ya mto.

Bibi alikohoa mara moja, kisha akanyamaza. Macho yakamtoka, midomo ikageuka rangi.

"Bibi! Bibi yangu, pumua! Daktari!"

Walimwinamisha, wakampiga mgongoni, wakavuta uji kooni kwa mashine mpaka pumzi ikarudi ikikoroma. Daktari Danstan alijifuta jasho.

"Nani alijua kwamba mgonjwa huyu anapaliwa?"

"Mimi," alijibu Kwizera kwa sauti ndogo. "Jana nilisema, na sista alikuwepo."

Benedicta alimtazama kama mtu asiyemjua. "Uliniambia mimi, Kwizera?"

Kwizera akajishughulisha na shuka la bibi. Daktari akamwamuru Benedicta aende kwao mpaka atakapoitwa.

Nyarubungo hakukulika wala hakukulalika. Kila gari lililotoka upande wa Ngara lilimkata maini, akidhani limeleta habari ya msiba. Hatimaye kaka yake, Ansbert, akamkimbilia shambani na simu yake ya mkononi.

"Beni, ni mimi. Usikate, mpenzi."

"Bibi yu hai?"

"Yu hai. Alipata homa ya mapafu, sasa inashuka."

Benedicta akakaa chini kwenye matuta, akalia.

"Nilikuogopa wewe kuliko majambazi wa porini," alisema. "Ulinitupa."

"Niliogopa, Beni. Mkimbizi akikosa kazi hii, anarudi kukaa kwenye turubai. Lakini leo nimemwambia daktari ukweli: sikukuambia wewe neno hata moja. Nilisema Kirundi, nikakukonyeza, nikadhani nimemaliza. Amesema urudi. Amesema kosa ni letu sote, hatuongei."

Alirudi. Asubuhi yeye, Kwizera na daktari walimkuta bibi ameegemezwa kitandani, wakamzunguka, Esperansia akiwa katikati yao. Kila mmoja alisema kwa Kiswahili alichokiona na atakachofanya, na mwenzake akairudia kauli hiyo. Kisha Benedicta akachota uji mzito. Akakirudisha kijiko bakulini.

"Siwezi," alinong'ona.

"Kidevu kimeinama vizuri," alisema Kwizera. "Nimemshika. Mpe."

Bibi akameza. Hakukohoa.

Nje ya wodi, Kwizera alimsimamisha Benedicta. "Wanazungumzia kuturudisha Burundi. Sijui ni lini, wala sijui kama nyumba yetu bado ipo. Hata hivyo nataka kuja Nyarubungo kuwaona wazee wako. Utanikubali?"

"Nitakuwa naogopa kila siku."

"Hata mimi."

"Basi ukiogopa, uniambie. Kwa lugha ninayoisikia, na si kwa kukonyeza." Akafuta macho kwa ncha ya aproni yake. "Omba kibali cha kutoka kambini. Baba hapokei posa kwa simu."