Chiriku Hataji Saa

"Mbona hutaji saa, mke wangu?"

Fundi wa mtambo aliuliza hivyo huku ameikodolea macho redio ndogo iliyokuwa mezani. Chai ilikuwa imeshapoa mkononi.

Redio haikumjibu. Ilicheka tu.

"Haya wasikilizaji wangu, popote mlipo, wakati wowote huu mnaponisikiliza, mimi ni Chiriku wenu! Amkeni, mnalala kama mmelipwa?"

Mji mzima ulikuwa unacheka naye, bila shaka. Fundi hakucheka. Nje mvua ilikuwa inapiga bati la kile chumba chake cha kilimani, chini ya mnara, na Chiriku hakuigusia hata kidogo. Chiriku huyu huyu, ambaye wingu likipita tu lazima awaambie watu waanue nguo!

Ngoja nikupe siri ya watu wa redio. Mtangazaji akiwa hewani moja kwa moja, atataja saa mpaka umchoke. Akirekodi, hagusi saa wala hali ya hewa, maana hajui kipindi kitarushwa lini. Msikilizaji wa kawaida hashtuki. Lakini Fundi kazi yake ilikuwa kukaa kule juu na kuhakikisha redio ya mji inawafikia watu, pamoja na taarifa ya habari inayochukuliwa kutoka redio ya taifa. Yule msomaji wa taifa alitaja saa moja kamili, akasoma habari zake, akaaga. Chiriku akarudi na kicheko kile kile, bila saa.

Basi kama kipindi kimerekodiwa, mke wake asubuhi hii yuko wapi?

Akampigia shoga wa mkewe, yule mama wa mitambo ya studio ambaye wote walimwita Bi Vifungo.

"Haloo, shemeji! Habari za huko juu?"

"Nzuri. Nipe mke wangu."

"Yuko hewani, shemeji. Kwani humsikii?"

"Namsikia. Ndiyo maana nauliza yuko wapi."

Bi Vifungo akaanza kupaza sauti.

"Shemeji, haloo? Haloo? Mtandao unakatika..."

"Bi Vifungo, simu hii inapita kwenye mnara nilioukalia mimi. Haukatiki."

Simu ikakatwa.

Akafungua meseji za mkewe, akazisoma upya kama mtu anayetonesha kidonda makusudi.

"Usipige mume wangu, mtandao mbovu. Tuandikiane."

"Wiki hii usije nyumbani, naenda kwa shangazi."

"Na hii pia usije. Shangazi bado anaumwa."

Ni muda mrefu alikuwa hajasikia sauti ya mkewe ikimwambia yeye peke yake neno lolote. Aliisikia pamoja na wauza duka, madereva na wafungwa. Mwanaume anaweza kuwa na mke anayesikika mji mzima na bado akalala na upweke kitanda kimoja, na Fundi alikuwa amefika hapo.

Akavaa koti la mvua. Mwenzake wa zamu, mzee mmoja aliyeitwa Babu Dizeli kwa jinsi alivyoipenda jenereta kuliko watu, akamzuia mlangoni.

"Unakwenda wapi na mvua hii?"

"Namtafuta mke wangu."

"Si huyo hapo anaongea?"

"Huyo ni wa jana, Babu. Wa leo sijui yuko na nani."

Babu Dizeli akaitazama redio, akamtazama kijana wake.

"Nenda, nitakushikia zamu. Lakini hasira hasara, mwanangu. Ukifika, sikiliza kwanza."

Fundi alishuka na pikipiki, matope mpaka magotini. Njia nzima alikuwa anapanga maneno ya kusema, na alipofika mlangoni kwake hakukumbuka hata moja. Ndani kulikuwa na sauti ya mkewe ikicheka. Ni ile ile ya redioni. Halafu akasikia kiti kikiburuzwa sakafuni.

Kuna mtu.

Akausukuma mlango kwa bega.

Mkewe alikuwa peke yake mezani, amejifunga shali shingoni, redio mbele yake. Alikuwa anajisikiliza, na midomo yake ilikuwa inafuata maneno bila kutoa chochote. Alipomwona mumewe, akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Yuko wapi?" Fundi akafoka.

Mkewe akatikisa kichwa.

"Nakuuliza, yuko wapi huyo mwanaume? Shangazi gani anaumwa wiki zote hizi? Unanirekodia kicheko nibaki nacho kule juu, wewe uko huku unafanya yako! Sema!"

Hakusema. Machozi yakaanza kumtoka. Badala ya kujibu akachukua simu, akaandika haraka haraka.

"Ninakusemesha, wewe unachati? Mbele yangu?"

Simu ya Fundi ikatetemeka mfukoni. Akaitoa. Ujumbe ulitoka kwa mwanamke aliyekuwa amesimama hatua chache mbele yake.

"Hakuna mwanaume. Sina sauti."

Akausoma. Akausoma tena. Redioni Chiriku alikuwa anamtania msikilizaji mmoja kuhusu kukoroma.

Simu ikatetemeka.

"Nina uvimbe kooni. Daktari amenikataza kuongea mpaka nipasuliwe. Vipindi nilivirekodi mapema na Bi Vifungo, siku ambazo sauti ilikuwa bado inakuja kidogo kidogo. Kesho ndicho cha mwisho."

"Na ukishapasuliwa?"

Vidole vyake vilikawia.

"Wanasema inaweza isirudi."

Fundi akakaa kwenye kiti, koti lake likilowesha sakafu. Hasira ilikuwa imemwisha mwili mzima, ikaacha aibu.

"Kwa nini hukuniambia?"

Safari hii mkewe aliandika kwa muda mrefu, akafuta, akaandika.

"Ulinipenda kabla hujaniona. Kila alfajiri nilikuwa najaribu laini ya studio na mnara, nauliza 'Huko juu, unanisikia?' na wewe unajibu 'Nakusikia vizuri.' Ulioa sauti. Sasa ungebaki na nani?"

Maneno yale yalimchoma, kwa sababu yalikuwa na ukweli ndani yake. Ni kweli aliipenda sauti kwanza. Alikaa kilimani msimu mzima wa baridi akiisubiri kila alfajiri, swali lile lile, jibu lile lile.

"Sikiliza," akasema. "Kule juu jenereta ikiwaka, mimi na Babu Dizeli tunaongea kwa mikono kutwa. Mzee ananitukana kwa mikono na ninaelewa kila tusi. Unadhani wewe nitashindwa kukuelewa?"

Mkewe akacheka. Kicheko hakikutoka, mabega tu yalitikisika.

"Kipindi cha kesho kisirushwe," Fundi akasema. "Bi Vifungo awaambie watu ukweli. Na wewe twende tukakae wote huko juu mpaka siku ya hospitali. Nimechoka kukusikia, mke wangu. Nataka nikuone."

Akanyoosha mkono, akaizima redio. Ilikuwa mara ya kwanza tangu waoane yeye kumkatisha Chiriku katikati ya sentensi. Nyumba ikawa kimya kabisa, na mkewe akamwekea kichwa begani kwenye koti lile lile lililolowa.

Kesho yake alfajiri Bi Vifungo alishika maikrofoni mwenyewe, anababaika, na kitu cha kwanza alichosema ni saa. Kisha akawaambia watu kuwa Chiriku ni mgonjwa na anaomba dua zao. Kilimani Babu Dizeli alijifanya moshi wa jenereta umemwingia machoni.

Fundi alikuwa kwenye mitambo, amekipa chumba mgongo. Simu yake ikatetemeka.

"Huko juu, unanisikia?"

Akageuka. Mkewe alikuwa ameketi kitandani pale pale chumbani, amejifunika blanketi lake, anamtazama kwa wasiwasi kama siku ile ya kwanza walipoonana.

Fundi hakuandika kitu. Aliiweka simu chini, akamwendea, akamjibu kwa mikono.