Kila Wakirudia, Anasogea

Jioni ile ya Novemba nilikwenda hospitalini kumchukua kaka yangu Wendell, kama kila wiki. Mvua ilikuwa imekatika na ukungu umeshaimeza milima nyuma ya mji. Sufuria ya maharage, bado ya moto, ilikuwa chini ya kiti changu, tungekula kwangu.

Wendell aliugua huzuni. Si huzuni ya siku mbili. Ile ya mtu kulala na buti miguuni kwa sababu kuzivua ni kazi. Vidonge vilishindwa. Ndipo tukasikia kuna utafiti: mgonjwa anavalishwa kofia, kisha mawimbi ya sauti ambayo sikio haliyasikii yanaelekezwa mahali pamoja ndani ya ubongo, padogo kama punje ya mahindi. Hapasuliwi. Hasikii maumivu. Watafiti walitaka kujua jambo moja tu: je, ukirudia tena na tena, ni salama?

Na alipata nafuu, jamani! Akaanza kunyoa ndevu. Akanitania, "Arlene, huu mkate wako wa mahindi tungeujengea ukuta." Nilijifungia bafuni nikalia kwa furaha.

Jioni ile alipoingia garini, nikatia ufunguo.

"Ngoja," akanong'ona. "Hajapanda."

"Nani?"

Alitazama mbele, mikono ameibana katikati ya magoti. Kisha... harufu. Udongo mbichi, kama wa shimo lililochimbwa asubuhi. Kiti cha nyuma kikalia, taratibu, kama kinavyolia mtu akikikalia.

Milango yote ilikuwa imefungwa.

"Haya, twende," akasema Wendell.

Niliendesha. Sikuthubutu kutazama kioo. Tulipofika kwangu ndipo akasema, kwa sauti ya chini, huku bado tumekaa garini.

"Mara ya kwanza alikuwa mbali, ng'ambo ya maegesho. Mwanamke. Nikadhani mpita njia. Lakini kila wakirudia, anasogea. Kinyumenyume, Arlene. Sijawahi kuuona uso wake."

"Na hukuwaambia?"

"Wangeniondoa kwenye utafiti. Nirudi kule nilikotoka?" Akatikisa kichwa. "Bora huyu."

Asubuhi nilikwenda peke yangu kwa Daktari Pruitt, mama aliyesimamia utafiti. Alinionyesha picha za ubongo wa kaka yangu. Hakuna damu iliyovuja. Hakuna uvimbe. Hakuna palipoungua.

"Picha zake ni safi kabisa, Bi Arlene."

"Anamwona mwanamke," nikasema. "Na mimi nimemnusa."

Akainuka. Akafunga mlango.

"Amempa mgongo?" akauliza polepole.

Sikuwa nimemwambia hilo.

"Daktari... kuna wengine?"

"Siwezi kuzungumza habari za wagonjwa wengine." Akazigeuza picha zile kifudifudi. "Tunajua mawimbi hayaunguzi. Tunajua hayapasui mshipa. Yaliyobaki tulitarajia kuyajua kwa kurudia."

"Sasa nifanye nini?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali lake mwenyewe. Siku ile ile alimtoa Wendell kwenye utafiti. Nilimshukuru mpaka nikamshika mikono.

Mjinga mimi. Niliona kwamba wakirudia, anasogea. Sikuwaza kwamba wakiacha, atabaki pale alipofika.

Wendell anaishi kwangu sasa. Huzuni haijarudi, hilo silikatai. Anacheka, anakula, analala bila buti. Ila hakai kwenye kochi upande wa kushoto, na anapopita mlangoni husita kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake. Mchungaji wetu alikuja kutuombea, akatoka kabla ya amina. Nimempigia Daktari Pruitt tena na tena. Hapokei.

Jana, jua lilipokwisha kuzama, nilikuwa naosha vyombo. Wendell alikuwa mezani nyuma yangu. Kijiko chake kikanyamaza.

"Arlene."

"Naam?"

"Ameanza kugeuka."

Harufu ya udongo ikanijia shingoni, baridi...

"Anakugeukia wewe?" nikanong'ona.

Nilimsikia kaka yangu akikilaza kijiko mezani.

"Hapana, dada," akasema, kwa huruma nyingi. "Wewe."

Maji yaliendelea kumwagika bombani. Sikuyafunga. Koki iko juu; ningeyafunga ingebidi niinue uso, na juu ya sinki lile kuna dirisha. Nje giza lilikuwa limeshaingia, na kioo kinaonyesha kila kilicho nyuma yangu.