Ulimuuliza Nani Kabla ya Kumimina?

Soko lilikuwa limefurika watu. Tipwatipwa, fundi cherehani aliyevaa gauni la zambarau, mwenye mashavu ya kubonyea, alisimama akihangaika na sindano. Kisukari kilikuwa kimemtia ukungu machoni.

"Kaka, nisaidie kutunga uzi."

Kinyozi mmoja aliyekuwa akipita akatunga mara moja. "Ujira wangu ni namba ya simu."

"Una haraka wewe!" Lakini akampa.

Wakapendana. Kisha daktari akamwambia Tipwatipwa kwamba dawa zimeshindwa, macho yake yamo hatarini, afikirie upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula. Akampigia mpenzi wake.

"Ukatwe tumbo? Mimi nimekupenda hivyo hivyo! Unamkondea nani?"

"Nayaokoa macho yangu, bwana wee!"

Akakata simu. Yaani mtu anaelekea upofu, mwenzake anaona wivu!

Akapasuliwa, mama yake akiwa naye. Sukari ikashuka. Mtaalamu wa lishe akamweleza pole pole: vyakula vya majimaji kwanza, kisha vilaini, vijiko vichache tu, na vyenye sukari kaa navyo mbali.

Siku moja kinyozi akabisha hodi, shati limenyooka kwa pasi, jagi la juisi mkononi.

"Malkia wangu, umenyauka! Kunywa, urudishe damu."

Mama alikuwa uani anaanua nguo. Tipwatipwa alijua hapaswi, ila alikuwa amemmisi huyu mtu mpaka basi, akaona haya kumkatalia. Akanywa glasi nzima. Haikupita muda, moyo ukaenda mbio, jasho likamtiririka, tumbo likamsokota, akaanguka sakafuni. Jamani, mgonjwa halishwi kwa kubahatisha!

Alipopata nguvu, alikuwa amelazwa mapajani mwa mama yake, kinyozi kajikunyata pembeni.

"Nilipokuwa bonge watu walinicheka. Nilipopasuliwa wakasema mvivu, kashindwa kufunga mdomo. Sasa wewe unanimiminia sukari unaita mapenzi! Ulimuuliza nani kabla ya kumimina?"

"Mpenzi, sikujua..."

"Toka!"

Akatoka. Lakini hakwenda kulewa. Alikwenda kliniki, akakaa na akina mama kwenye somo la lishe, akauliza maswali mpaka wakamcheka. Jioni simu ya Tipwatipwa ikalia.

"Bibie, nimesoma."

"Umesoma nini?"

"Mayai, samaki, maharage, hivyo ndivyo vya kutangulia. Tafuna mpaka vilainike. Maji usiyachanganye na chakula. Vitamini kila siku maisha yote, hata ukijiona mzima. Na mjinga akija na juisi, mfukuze."

Tipwatipwa akauma mdomo asicheke. "Njoo basi, mjinga."

Kinyozi alimkuta mlangoni na sindano. Tipwatipwa akalenga uzi, ukapita mara ya kwanza. Kinyozi akamtazama machoni.

"Nusura nikupotezee macho haya kwa wivu wangu. Nisamehe. Nataka nikuoe."

Tipwatipwa akamwonyesha jikoni kwa kidole. Kinyozi akaingia, akamenya yai la kuchemsha alilokuja nalo, akashika kisu, akasita.

"Nikate vipande vidogo kiasi gani?"

"Hapo sasa," Tipwatipwa akasema, akivuta kiti, "ndipo umeanza kunichumbia."